Muziki wa Kuandikia: Upi Unakuacha Uandike, Upi Unakuvuruga

Biti ya wimbo unaoujua si muziki usio na maneno. Watu wengi hapa Dar wakitaka kitu cha kusikiliza wakati wa kuandika huingia YouTube, hutafuta biti za Bongo Fleva, huweka mkusanyiko wa saa mbili, kisha hushangaa aya moja imekula asubuhi nzima. Mwimbaji hayupo kwenye rekodi, ila kichwani yupo. Kiitikio kikifika, ulimi unacheza wenyewe ndani ya mdomo uliofungwa, na neno ulilokuwa unalitafuta linapigwa kikumbo na neno la wimbo. Piano ya Tenzi za Rohoni ina balaa lilelile kwa aliyekulia kwaya, maana beti zote zinakuja zimepangana. Na biti zinazowekwa mtandaoni ili wasanii wanunue ndizo mbaya zaidi: mtayarishaji anajitaja jina kila baada ya muda mfupi ili kazi yake isiibwe, na wewe unatajiwa weee mpaka ukurasa unaisha.

Hapa tunapima rekodi za ala tupu zinazopatikana kirahisi kwenye simu, kwa swali moja tu: je, zinakuachia sentensi yako? Uzuri wa muziki ni jambo jingine. Humu zimo kazi nzuri mno ambazo kwa kuandikia hazifai hata kidogo.

Ukweli usemwe mapema: kimya ni bora kuliko vyote. Mwaka 1989 Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha kwamba muziki wenye uimbaji huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi kuliko muziki wa ala tupu, na mwaka 2001 Sarah Ransdell na Lee Gilroy walipowapima wanafunzi wakiandika insha kwenye kompyuta, waliona muziki wa pembeni unapunguza kasi ya kuandika, hata ule wa ala. Zile habari za Mozart kuongeza akili zilitokana na jaribio dogo la mwaka 1993: wanafunzi walisikiliza sonata yake ya piano mbili kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi maswali ya maumbo kwa muda mfupi, basi. Uandishi haukuhusika kabisa.

Kwa hiyo mwenye chumba kimya afunge mlango aandike. Lakini wangapi wanacho? Nje kuna kipaza sauti cha muuza dawa ya panya kinachorudia tangazo lilelile, kuna fundi aluminiamu na mashine yake ya kukatia, kuna bodaboda wanabishana Simba na Yanga, kuna jirani na redio. Ukiangalia vizuri, kinachokuharibia si ukubwa wa kelele bali maneno yaliyomo. Jenereta inakera lakini haisemi kitu. Mabishano ya kijiweni yanasema, na yanasema Kiswahili, lugha ileile unayoiandika. Muziki hapa kazi yake ni ya pazia. Unatakiwa usiwe na mdomo, usipande na kushuka ghafla, na uwe mrefu, kwa sababu mkono ukishagusa simu kubadilisha wimbo, WhatsApp iko palepale inakusubiri.

Cha kushusha kwanza kwenye simu ni Kaira ya Toumani Diabaté wa Mali, iliyotoka mwaka 1988. Ni kora peke yake, nyimbo tano, hakuna ngoma, hakuna sauti ya mtu. Kora ina nyuzi 21 na hupigwa kwa vidole vinne tu, gumba na kidole cha shahada cha kila mkono. Magumba yanashika besi na mzunguko unaojirudia, ambao wapigaji wenyewe huuita kumbengo. Vidole vya shahada vinapita juu yake, na mara kwa mara vinaporomosha noti za haraka zinazoitwa birimintingo. Kwa anayeandika, huo mzunguko ndio mali. Sikio likishaushika, linatulia, halisubiri tena nini kitafuata. Mporomoko ukija unapita sekunde chache na ukubwa wa sauti haubadiliki, kwa hiyo hauinui kichwa. Kasoro yake iko kwenye nyuzi za juu: kwenye hedifoni za bei rahisi zilizokuzwa sauti nyembamba, zinachoma. Ingia kwenye ikwalaiza ya simu, shusha milia miwili ya mwisho upande wa kulia, tatizo limekwisha.

Ndugu yake ni In the Heart of the Moon ya mwaka 2005, Toumani na kora yake pamoja na gitaa la Ali Farka Touré, waliyoirekodia hotelini Bamako na ikawapa Grammy. Ni laini kuliko Kaira, na gitaa linajaza pale kora ilipo nyembamba. Lakini pachache sauti ya Ali inachomoza. Hutaelewa anachosema, ila sikio la binadamu likisikia mtu anafungua mdomo linageuka tu. Iweke ya pili.

Music for Airports ya Brian Eno, ya mwaka 1978, ndiyo inayotajwa kila mahali penye mazungumzo haya, na kwa haki. Eno alitaka muziki ambao mtu anaweza kuupuuza au kuufuatilia apendavyo. Kipande cha kwanza, kinachoitwa 1/1, kina zaidi ya dakika 16 za piano inayorudi pole pole bila kwenda popote. Kipande cha pili ni sauti za wanawake wakivuta noti mojamoja bila neno, kila noti kwenye utepe wake wenye urefu tofauti, ndiyo maana zinakutana upya kila mara na huwezi kukariri mpangilio wake. Shida ni Dar yenyewe. Kati ya noti na noti mna nafasi kubwa ya kimya, na nafasi hiyo ndiyo muuza dawa ya panya anapoingilia. Ukiongeza sauti ili kumzima, piano inakuwa kubwa kuliko ilivyokusudiwa na utulivu wake unapotea. Hii ni rekodi ya saa tano usiku, au ya ofisi yenye kiyoyozi kinachovuma. Mchana wa Manzese au Kariakoo, hapana.

Kinyume chake ni Music for 18 Musicians ya Steve Reich. Hii haina pengo. Marimba, zailofoni, piano, klarineti na sauti za wanawake zinazotumika kama ala, vyote vimefungwa kwenye mpigo mmoja usiokatika kwa takriban saa nzima. Kazi ilipigwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1976, na rekodi ya lebo ya ECM ikatoka mwaka 1978. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na msikilizaji wa huku atalisikia hilo bila kuambiwa. Mabadiliko yanakuja taratibu, na kila sehemu inapogeuka vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, ndiyo inayotoa ishara kwa wapigaji wengine. Ukishaijua hiyo ishara utaitumia hata wewe: inapolia, inua macho, angalia umefika wapi. Kwa rasimu inayotakiwa kesho asubuhi, ambapo shida yako si ubora bali kuzijaza kurasa, hakuna kinachoishinda. Kwa kuhariri ni mbaya, inakusukuma mbele pale unapotakiwa kusimama. Na ukichukua rekodi ya baadaye ya lebo ya Nonesuch, imekatwa vipande 14. Kama programu yako ya muziki haikuwekwa kucheza bila pengo, utasikia kukatika kidogo kila kipande kinapoisha, na kukatika huko kunaudhi kuliko kelele za nje. Ile ya ECM ni kipande kimoja kizima.

Bach kwa kuhariri. Goldberg Variations zilichapishwa mwaka 1741: wimbo mmoja, mageuzi yake 30, kisha wimbo uleule tena. Kila geuzi ni fupi, lina tabia yake, na huko kubadilika ndiko kunakofaa unapopitia kurasa kutafuta makosa, maana akili inaamshwa kidogo kila baada ya dakika mbili hivi. Wengi wataelekezwa kwa mpiga piano Glenn Gould. Heshima yake ipo, ila rekodi yake ya mwaka 1955 inakimbia kiasi cha kukuhemesha, na ile ya mwaka 1981, iliyotulia zaidi, ina Gould mwenyewe akiguna na kufuatisha tuni kwa mdomo. Ukishamsikia mara moja, hutaacha kumsikia. Mchukue Murray Perahia, rekodi ya mwaka 2000, piano safi isiyo na mgeni. Matoleo ya hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha kabla ya piano, yaacheni kwa wenye spika nzuri. Kwenye hedifoni za kawaida ni kama mtu anakwangua bati.

Sasa Ethiopia, ambako watu wanachanganya mambo. Mkusanyiko wa Éthiopiques namba 4, kazi za Mulatu Astatke za mwaka 1969 hadi 1974, una vibrafoni, saksafoni na gitaa la kuliza, na ni mtamu, lakini mdundo wake una mwili: mguu unacheza, kisha bega. Ni mzuri kwa kazi za maandishi zisizo na uandishi, kama kujibu barua pepe, kupanga majedwali, kuweka namba za kurasa. Namba 21 ya mfululizo huohuo ni piano ya mtawa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyefariki Jerusalem mwaka 2023. Hapa wengi hudhani wamepata dawa, kwa kuwa ni piano tupu na ya upole. Jaribu uone. Mwendo wake unakwenda, unasita, unakimbia kidogo, unasita tena, na wewe unabaki vidole hewani ukisubiri noti ijayo. Ni muziki wa kusikilizwa na chai mezani, kompyuta ikiwa imefungwa.

Na kwetu je? Taarab ni maneno kabla ya chochote. Anayeandika Kiswahili huku taarab inaimba mafumbo pembeni amejitafutia mwenyewe. Lakini vikundi vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club vina jadi ya basharafu, kipande cha ala tupu kinachofungua onyesho: kanuni, udi, fidla, kodiani, nai, na dumbaki chini. Basharafu nzuri inafaa sana kuandikia, kwa sababu ala zote zinakwenda pamoja kwenye tuni moja na mdundo unazunguka bila haraka. Tatizo ni kwamba kwenye albamu inakuwa moja tu, mara nyingi ya mwanzo, halafu mwimbaji anaingia. Itabidi ujikusanyie mwenyewe orodha ya basharafu tupu, na ukitafuta, andika pia „bashraf“, maana wengine wameziorodhesha hivyo. Ukipata za kutosha nusu saa, shukuru. Dansi la zamani halisaidii: magitaa yanapochemka mwishoni yanavutia kweli, ila kabla ya hapo umeshaimbiwa beti tatu.

Vingine kwa ufupi. Simfoni za okestra kubwa hazifai mjini. Sehemu za chini hazisikiki mpaka uongeze sauti, kisha tarumbeta zote zinaingia kwa pamoja unaruka kitini. Kind of Blue ya Miles Davis, mwaka 1959, ni nzuri kwa barua, si kwa hoja ndefu, kwani kila mpulizaji anazungumza na utataka kumsikiliza. Lofi, zile biti za polepole za kusomea, ni salama lakini vipande vyake ni vifupi, vingi vina vijisauti vya watu vilivyochomekwa, na baada ya saa mbili vyote vinafanana na tangazo la benki. Sleep ya Max Richter, mwaka 2015, ina zaidi ya saa 8 na inafanya kazi, ila imetungwa kwa ajili ya usingizi na lengo hilo inalifikia. Sauti za mvua zinaziba mazungumzo vizuri kuliko muziki wowote. Wakati wa masika wenye nyumba ya bati hawana haja ya kuzishusha.

Kuhusu huduma na bando. Spotify ipo rasmi Tanzania tangu mwaka 2021, na kwa ala tupu ndiyo yenye mengi ya hapa juu. Boomplay na Audiomack zina nguvu zaidi kwenye nyimbo za nyumbani, hivyo za basharafu zitafuteni huko pia. Akaunti ya bure kwa kazi hii ni hasara, si kwa sababu ya ubora wa sauti bali matangazo: umejenga pazia, halafu mtu anakuja kukuuzia kitu kwa maneno katikati ya sentensi. Ukilipia, ingia kwenye mipangilio kabla ya kitu kingine. Zima kipengele cha kuendeleza muziki wenyewe albamu inapoisha, maana programu itakuchagulia „unaofanana“ na baada ya Kaira atakuja mtu anaimba. Weka kucheza bila pengo. Kipengele cha kusawazisha sauti kibaki kimewashwa, hasa ukichanganya albamu tofauti kwenye orodha moja.

Ubora wa sauti hauhitaji kuwa wa juu kwa kitu usichokisikiliza kwa makini. Kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde kinakula kama MB 43 kwa saa. Cha 160 kama MB 72. Cha 320 kama MB 144. Mtu anayeandika saa nne kwa siku kwenye kiwango cha chini anatumia karibu MB 173, na kwenye cha juu MB 576, kwa muziki uleule anaoupuuza. Tofauti ataisikia kwenye bando, masikioni hataisikia. Ila hata hiyo ya kwanza haina sababu ya kulipwa kila siku: shusha albamu mara moja penye waifai, kisha weka simu hali ya ndege. Faili ulizoshusha Spotify zinakaa mradi simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. YouTube ni ghali zaidi kwa kazi hii kwa kuwa unalipia na picha, na ukizima kioo bila kulipia muziki nao unazima.

Hedifoni ndizo zinazoamua nusu ya matokeo, na hapa joto la Dar lina kauli. Zile kubwa za kufunika masikio zinazuia kelele, lakini ngozi bandia ya mito yake inaloa jasho, na kwa unyevu wetu baada ya muda inaanza kubanduka vigamba vyeusi shingoni. Chagua zenye mito ya kitambaa, au ambazo mito yake inauzwa peke yake. Zenye kufuta kelele kwa umeme zinafanya maajabu kwenye mvumo usiobadilika, yaani jenereta, feni, kiyoyozi, injini ya daladala iliyosimama. Kwenye maneno ya watu hazifui dafu sana, na hapo ndipo muziki unapokamilisha kazi. Kwa wengi wetu zile za kuchomeka ndani ya sikio, zenye vipira vya silikoni, zinatosha. Siri yake iko kwenye kipira. Kikiwa kidogo, besi yote inavuja na kelele zinaingia, unaongeza sauti bure. Zinakuja na saizi tatu. Zijaribu zote, na usishangae sikio la kulia likataka saizi tofauti na la kushoto.

Ukienda kununua Kariakoo, usikubali muuzaji akujaribishie kwa wimbo wake wenye besi ya kutikisa duka. Shusha kabla ya kwenda Gymnopédie ya kwanza ya Erik Satie, kipande cha piano cha mwaka 1888. Mkono wa kushoto unapiga noti moja ya chini, kisha kodi moja ya katikati (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho. Tuni inaingia juu baada ya vipimo vinne vya mapigo matatu matatu. Sikiliza hiyo noti ya chini. Ikivuma na kubaki inazizima juu ya kodi inayofuata, hedifoni zimekuzwa besi na zitakuchosha kabla ya saa moja. Isiposikika kabisa, kipira hakijaziba au spika ni mbovu. Badilisha kulia na kushoto, hakikisha ukubwa wa sauti unalingana. Kama zina waya, zungusha kichomeo polepole kwenye tundu; ikikwaruza dukani, nyumbani itakufa.

Sauti iweke chini kuliko unavyodhani. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na anayeandika kutwa anazifikia saa hizo bila kujua. Kipimo cha mkono ni hiki: mtu akizungumza mlangoni, usikie kwamba anazungumza lakini usiyapate maneno yake. Ukiyapata, ongeza kidogo. Ukiwa humsikii kabisa, umezidisha.

Kuna kazi ambazo hazitaki hata Kaira. Kunakili mahojiano ni mojawapo, kwa sababu sikio lina kazi nyingine. Nyingine ni shairi la kimapokeo. Ukihesabu mizani 16 kwa mshororo, 8 ukwapi na 8 utao, mdundo wowote unaosikika unajiingiza kwenye hesabu. Muziki wa mapigo matatu kama huo wa Satie utakutolea mshororo wa mizani 15 unaosomeka vizuri mpaka mtu mwingine auhesabu. Kwa shairi, zima vyote, funga dirisha, vumilia joto.